Siku Mwalimu Shenaz Alipopiga Fidla Kwao

Ukitaka kuiona nyumba ya Mwalimu Shenaz pale Dodoma mjini, usihangaike na jina la barabara. Nenda nyuma ya soko, tafuta nyumba ya zamani ya ghorofa moja yenye baraza pana na kibao kilichopauka kisemacho ALMAS SULTANALI, VITAMBAA VYA AINA ZOTE, halafu tega sikio. Vitambaa vyenyewe viliisha siku nyingi. Kinachotoka mle ndani ni sauti ya fidla, asubuhi na alasiri, ikipanda, ikishuka na kurudia palepale. Bado wapo watu wanaoingia kuulizia vitenge. Mwalimu huwajibu kwa adabu kwamba vimekwisha, nao humuuliza mzigo mpya unaingia lini.

Msimwone vile na gauni lake la maua na raba za kamba mkadhani ni mama wa Kihindi anayejipitishia muda. Huyu mama amepiga fidla mbele ya mfalme mmoja wa nchi za baridi, mfalme akasinzia, maana wafalme nao huchoka. Amepiga kwenye majumba yenye dari za dhahabu. Sanduku la fidla yake limepanda ndege mara nyingi kuliko mawaziri kadhaa, na lilikatiwa tiketi yake lenyewe, likakaa kiti cha dirishani.

Alizaliwa chumba cha juu cha nyumba hiyohiyo, marobota ya vitambaa yakiwa yamepangwa mpaka kwenye ngazi. Fidla ilimfikia kwa njia ya reli. Pale stesheni palikuwa na karani mmoja Mgoa, mjane mwenye suruali iliyopigwa pasi ikawa na makali, aliyekuwa akipiga fidla ofisini kati ya treni na treni. Shenaz alitumwa kufuatilia robota, akachelewa kurudi. Kesho yake akaomba atumwe tena, ingawa hapakuwa na robota lolote. Karani akaanza kumfundisha. Masomo yalifuata ratiba ya reli: treni ikiwahi, somo fupi, treni ikichelewa, somo refu. Treni za siku hizo zilichelewa sana, na ndiyo maana tukapata mpiga fidla.

Baba yake, mzee Almas, alikuwa mtu wa yadi. Jioni akifunga duka alimuuliza binti yake, "Leo umepiga kiasi gani?" Akijibiwa kwamba ni ukurasa mmoja, uleule wa jana, alisikitika kimyakimya. Dukani kwake mtu hawezi kukata kitambaa kilekile mara mbili. Hata hivyo, Shenaz alipopata ufadhili wa kwenda kusoma London, mzee alimsindikiza mpaka uwanja wa ndege na kumkabidhi kitambaa kizuri cha suti ampelekee mkuu wa chuo, ili wamtazame vizuri.

Na kweli walimtazama vizuri, ila kitambaa hakikuhusika. Alimaliza masomo, akaingia kwenye okestra kubwa, akapewa kiti cha nyuma kabisa karibu na mlango ambapo upepo unapita. Wakamsogeza mbele, wakamsogeza tena, mpaka akafika kiti cha kwanza. Halafu akaacha kukaa kabisa. Katika kazi ile, anayesimama peke yake mbele, okestra nzima ikiwa imekaa nyuma yake, ndiye mwenye shughuli. Shenaz alisimama kwa miaka mingi, Vienna, Tokyo, Montreal, kote huko. Baadaye akawa profesa vilevile, mwalimu wa kuogopwa. Wapo wapiga fidla wenye majina yao leo ambao wakisikia mwanamke amesafisha koo kwa namna fulani, hunyoosha mgongo hata kama wako kwenye foleni ya benki.

Habari hizi zilifika Dodoma, lakini zilifika zimechoka. Mama yake, Bi Mehjabin, akiulizwa na wateja binti yuko wapi, alijibu kwa fahari, "Yuko Ulaya. Anafanya kazi za usiku. Anavaa gauni refu jeusi, na wanaume wanasimama kumpigia makofi." Wateja walilipia vitambaa vyao haraka wakaondoka. Posa zilizokuwa njiani zilikata kona. Bi Mehjabin, Mungu amrehemu, alikufa bila kujua kwa nini.

Wazazi walipokwisha kufariki wote wawili, Shenaz akiwa amevuka miaka sitini, akarudi. Hakufukuzwa, hakufilisika, hakuugua. Alichoka tu kukaa kwa watu, akataka kwao. Mdogo wake, Riyaz, aliyekwishahamia Toronto na kupata ugonjwa wa kuogopa vumbi, alimwambia kwamba amepatwa na wazimu. Mjini nako watu walijua hakika kwamba amekuja kuuza nyumba. Kila aliyekutana naye alimkaribisha vizuri mno, kisha akamuuliza, "Unaondoka lini?" Mwaka wa kwanza alicheka. Mwaka wa nane walikuwa bado wanamuuliza, muuza nyanya, fundi bomba, hata shehe mmoja wa msikitini kwao aliyemjua tangu utoto, na kicheko kilikuwa kimekwisha. Lilimuuma swali lile. Alikuwa akilijibu, akifika nyumbani anakaa baraza bila kuvua viatu.

Alifundisha. Dodoma si mahali pa fidla, tuseme ukweli. Kiangazi kikishika, hewa inakauka mpaka mbao zinapasuka na vishikio vya nyuzi vinalegea vyenyewe usiku kucha. Mwalimu aliweka beseni la maji chini ya kila fidla ili ipate unyevu, na mwanafunzi mpya akiingia hutazama juu kutafuta paa linavujia wapi. Wengi walikuja mara moja tu. Wambura, ofisa wa wizara fulani, alikuja na tai yake, akaketi, akauliza, "Mwalimu, kozi yenyewe ni ya muda gani?"

"Miaka kumi na mitano," alijibu mwalimu.

"Ya wikiendi hakuna?"

Aliyedumu ni Ruthu, binti wa kwaya, fundi cherehani huko Kizota, mwenye vidole vya kushika jambo na kulishikilia. Kwa Ruthu mwalimu alikuwa mkali kuliko kwa wengine wote, na Ruthu alijua maana yake, kwa hiyo alilia njiani na kesho yake akaja tena.

Na ukuta wa pili aliishi Bi Mwanne. Huyu ni Mrangi wa Kondoa, mama wa chapati na maharage. Alikuja mjini kumfuata mume, mume akaondoka, yeye akabaki na jiko. Kwa miaka minane Bi Mwanne alimsikiliza mwalimu kupitia ukutani, na kwa miaka minane alimhurumia. Alisikia wimbo unaanza, unafika mahali, unakatika, unarudi mwanzo, unafika palepale, unakatika. Jamani, alijisemea, mtu mzima yule na bado hajaushika. Akaanza kumpelekea chapati za moto jioni, bure, za kumtia moyo.

"Pole, mwalimu. Utaushika tu, inshallah."

"Asante, dada," alijibu Shenaz. Aliona ni sawa kabisa, kwa sababu kweli alikuwa hajaushika.

Kuna mara moja tu alipiga mbele ya watu wa Dodoma, na afadhali asingepiga. Ilikuwa sendofu ya dada yake Ruthu, sherehe ya kumuaga bibi harusi. Alialikwa kwa heshima, akatoa fidla yake ya kweli, ile iliyozidi umri wa mji wenyewe, akafumba macho, akaanza kitu cha taratibu. Wacha wee! Kabla hajamaliza mstari wa pili mashangazi walikuwa wamekwishajipanga foleni wanakuja wakicheza, mabega mbele, vigelegele juu, kuja kumtuza. Ndivyo inavyofanywa na hawakukosea lolote: mtu akikufurahisha unamwendea, unamtuza, huwezi kukaa kitini umemkodolea macho kama unamdai. Wa kwanza alimbandika noti kwenye paji la uso. Wa pili akaona paji limejaa. Akatafuta mahali pengine, akaona fidla ina vitundu viwili usoni, vyembamba, vimechongwa vizuri, akasema moyoni kumbe wazungu nao wamefikiria. Akakunja noti ya elfu tano, akaitumbukiza. Wengine wakafuata mfano.

Fidla ikapiga chafya. Mwalimu alimaliza wimbo kwa sababu maisha yake yote alikuwa hajawahi kuacha wimbo katikati mbele ya watu, kisha akaenda nyumbani akakaa na kibano cha nyusi akitoa noti mojamoja. Hakukasirika. Hilo ndilo lililomsumbua, kwamba walimpenda na hawakumsikia. Tangu siku hiyo akapiga chumbani tu.

Halafu kidole kikaanza. Kidole cha mwisho, mkono wa kushoto. Asubuhi kiligoma kukunjika, jioni kiligoma kunyooka. Daktari akakipinda, akakitazama kwenye picha, akauliza, "Unakitumia kwa kazi gani, mama?"

"Napiga fidla."

"Huwezi kutumia kingine?"

Alipoelezwa kwamba haiwezekani, daktari alikuwa mkweli. Baridi yabisi. Mwaka huu kitafanya kazi kwa kubembelezwa, mwakani asikitegemee. Shenaz akashukuru, akatoka, akakaa kwenye benchi la nje pamoja na wagonjwa wengine, na hofu ikamshika hasa. Hakuogopa kuacha kupiga, maana alikwishapiga vya kutosha. Aliogopa kwamba kidole kitakufa na mji wake mwenyewe utakuwa haujawahi kumsikia hata mara moja, na yeye atazikwa hapa kama mgeni aliyechelewa kuondoka.

Riyaz alipiga simu wiki hiyohiyo. Alikuwa amepata mnunuzi anayetaka kuigeuza nyumba kuwa gesti.

"Dada, unangoja nini huko? Huna mtu."

"Nitapiga mara moja hapa kwetu," Shenaz alimwambia. "Kipande kizima, mwanzo mpaka mwisho. Wakinisikia, nakaa. Wasiponisikia, uza, nikatie tiketi, sitabishana nawe tena."

"Utajuaje kama wamekusikia?"

"Nimefanya kazi hii miaka arobaini, Riyaz. Nitajua."

Basi Ruthu akatafuta ukumbi, ule ambao kila mtu amewahi kula wali wa harusi ndani yake, akamleta na mshereheshaji. Huyu ni MC Yotham, kijana wa suti inayong'aa, ambaye hakuna bibi harusi wa Dodoma anayekubali kuolewa bila yeye.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Spika nilete ngapi?"

"Spika hazihitajiki."

"Keki?"

"Hakuna keki."

"Meza kuu je? Kamati watakaa wapi?"

"Hakuna kamati."

"Sasa watu, mwalimu, watakuwa wanakuja kufanya nini?"

"Kusikiliza."

Yotham alilirudia neno lile polepole kama mtu aliyetajiwa dawa mpya. Mwalimu akamweleza. Asimruhusu mtu kuja mbele kutuza. Tena kipande kina sehemu tano, na kati ya sehemu na sehemu yeye atanyamaza kidogo. Hapo watu wasipige makofi. Wangoje mwisho.

"Mwisho nitaujuaje?"

"Utausikia," alisema mwalimu.

Hapo ndipo kosa lilipozaliwa. Utausikia! Yotham alikwenda nyumbani na neno hilo likamnyima usingizi. Yeye ni mtu wa ratiba. Anajua keki inakatwa lini na wazazi wanaingia kwa wimbo gani. Sasa mama wa watu anakwambia kuna kimya cha bandia na kimya cha kweli, utavitofautisha mwenyewe. Je, akikosea? Je, akiruhusu makofi kwenye kimya cha tatu, kumbe bado? Jina lake lingeishia pale. Akafikiri, akageuza, akapata njia ambayo haiwezi kumharibia mtu yeyote.

Siku ilipofika, ukumbi ulijaa. Tusidanganyane, wengine walikuja kwa sababu hawakuamini kwamba hakuna chakula. Viti vya plastiki vilivishwa vitambaa vyeupe na tai za zambarau, kwani mwenye ukumbi alisema hivyo havivuliki. Upepo wa mwezi wa saba ulikuwa ukipuliza vumbi mlangoni. Mstari wa mbele alikaa Bi Mwanne na ushungi mpya, ameacha jiko kwa mtu, uso umemkaza kama mzazi siku ya mtihani. Mwalimu alikuwa jikoni nyuma ya ukumbi, mkono umezama kwenye beseni la maji ya moto, akikibembeleza kidole. Kwa hiyo hakusikia alichokisema Yotham.

Yotham alishika maiki. "Ndugu wageni waalikwa, itifaki imezingatiwa. Leo si kama siku nyingine. Mwalimu ameagiza. Hakuna kuja mbele. Hakuna kutuza. Hakuna vigelegele, hakuna simu, hakuna makofi, hakuna kunyanyuka, mpaka mwalimu mwenyewe kwa kinywa chake atakapotoa ruhusa. Anayetaka kukohoa akohoe sasa." Ukumbi mzima ukakohoa. "Ahsanteni."

Shenaz akaingia kwa gauni lake jeusi refu, lile la kazi za usiku. Akainama. Kimya. Akafikiri, vizuri, wameelewa. Akaweka fidla begani, akaanza.

Kipande kilikuwa cha Mjerumani mmoja aliyekufa zamani, cha fidla peke yake bila msaidizi. Sehemu ya kwanza ilikwenda. Ya pili ilikwenda vizuri zaidi. Katika ya tatu, ile ya taratibu, alianza kushangaa. Maisha yake yote alikuwa amepiga juu ya vikohozi, juu ya karatasi za peremende, juu ya viti vya bei ghali vinavyolia. Hapa hapakuwa na kitu. Aliweza kuisikia sauti ya uta wa fidla ukianza kugusa uzi, kabla ya sauti yenyewe. Ndipo wasiwasi ukamwingia. Binadamu hawanyamazi hivi. Alifungua jicho moja, akaona mzee mstari wa pili amekunja mikono, mtoto ameziba mdomo kwa viganja viwili, mashangazi wamekaa wima, hakuna anayetikisa hata kichwa. Wamechoka, alifikiri. Wananingoja nimalize waende zao.

Sehemu ya mwisho ndiyo ndefu na ndiyo inayotaka kidole. Alikiita, kikaja. Alikiita tena, kikaja kwa maumivu yaliyompanda mpaka kwenye kiwiko. Alifika mahali palepale wimbo unapokatika kila siku ukutani kwa Bi Mwanne, pa kupanda juu kabisa, akakiambia kidole moyoni, leo tu, baba, leo tu. Kidole kikafika. Akapita. Yaliyobaki aliyapiga kama hakuna kesho ya kuyapiga, na ilikuwa kweli hakuna, mpaka sauti ya mwisho ikapungua, ikapungua, ikabaki ya kudhani tu. Akashusha uta. Alijua hajawahi kukipiga vizuri kiasi kile, si Vienna, si popote.

Akainama.

Hakuna kitu. Akainuka, akangoja, akainama tena. Watu walimtazama. Kuna mji mmoja huko Italia waliwahi kumzomea, lakini hata kule mtu mmoja alisimama akamtetea. Kimya cha namna hii hakuwahi kukiona. Akasema "ahsanteni" kwa sauti ambayo haikutoka, akageuka, akaenda zake jikoni.

Aliilaza fidla kwenye sanduku, akaifunika kitambaa chake. Alikuwa na aibu, aibu ya mtoto aliyevaa nguo ya sikukuu siku isiyo sikukuu. Akampigia Riyaz.

"Uza," alisema.

"Dada? Umeshapiga?"

"Nimepiga. Uza nyumba. Nikatie tiketi."

Riyaz, ambaye alikuwa amejiandaa kwa mabishano, alifurahi, akasema anampigia mnunuzi sasa hivi. Shenaz akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa kati ya masufuria ya watu wa harusi. Hakulia. Alikuwa anafikiria nani atamchukua Ruthu, na hakumpata mtu.

Mlango ukagongwa kidogo. Ni MC Yotham, suti yote imelowa jasho.

"Samahani, mwalimu. Sikutaka kukusumbua kama unapumzika. Ila watu wanauliza."

"Wanauliza nini? Waambie waende. Chakula hakuna."

"Wanauliza kama mapumziko ni marefu, au ndiyo kile kimya kingine. Kuna mzee ana shida ya kwenda haja, na anaogopa kunyanyuka."

Shenaz akamtazama. "Watu gani? Wako wapi?"

"Si wale ukumbini, mwalimu. Wote. Wanangoja ruhusa yako."

"Ruhusa ya nini?"

Yotham akamweleza. Akaeleza vizuri, kwa mpangilio, kama kawaida yake, hakuna makofi, hakuna vigelegele, hakuna kunyanyuka, na kadiri alivyoeleza ndivyo sauti ilivyompungua, kwa sababu alianza kuiona sura ya mwalimu. Mwalimu akanyanyuka kwenye ndoo, akampita, akatoka.

Walikuwa wamekaa vilevile. Hakuna kiti kilichosogea. Mtoto yule alikuwa bado ameziba mdomo. Shenaz alisimama mbele yao bila fidla, mikono haina kazi, akatafuta uso anaoujua, akampata Bi Mwanne.

"Dada Mwanne," alisema. "Mbona hukupiga makofi?"

Bi Mwanne akamtazama Yotham kwanza. Yotham akaitikia kwa kichwa kwamba anaweza kujibu.

"Tumekatazwa, mwalimu."

"Ulitaka kupiga?"

"Makofi mimi naweza kuyazuia." Bi Mwanne alizungumza taratibu. "Mimi nilitaka kulia. Tangu kule katikati nilitaka kulia, ila sikujua kama nako kumekatazwa."

Shenaz akamsogelea hatua moja.

"Kulia hakukukatazwa, dada."

Bi Mwanne akashusha ushungi usoni, akalia. Alilia kwa sauti, kama mtu aliyepigiwa simu ya msiba kutoka Kondoa, na nyuma yake mashangazi wawili watatu wakaona njia imefunguka, nao wakalia. Mzee wa mstari wa pili akatoa leso. Ruthu, kule pembeni, alikuwa ameanza zamani kinyume cha sheria.

"Na makofi, mwalimu?" Yotham aliuliza kwa sauti ndogo.

"Na makofi."

Yotham hakuwahi kufika kwenye maiki. Paa la ukumbi ule ni la bati, na nasikia watu walitoka maduka ya ng'ambo ya barabara kuangalia ni nini kimeanguka. Makofi, miguu, vigelegele, viti vikipinduka na tai zake za zambarau. Mashangazi walikwishajipanga foleni wanakuja mbele mabega yakicheza, na mzee wa haja akapita mbio katikati yao kuelekea uani. Shenaz alishuka, akakaa kwenye kiti kilicho karibu na Bi Mwanne, wakashikana mikono, kidole kibovu kikiwa ndani. Simu ikaanza kutetemeka mfukoni.

"Dada, mnunuzi nimempata kwenye simu, amekubali," Riyaz alikuwa akipiga kelele kutoka Toronto. "Halo? Zogo gani hilo? Uko salama?"

"Mpigie tena. Mwambie haiuzwi."

"Haiuzwi? Sasa hivi umesema! Nimwambie sababu gani?"

"Mwambie mwenye nyumba amerudi."

"Amerudi? Amerudi lini?"

"Leo," alisema Shenaz, na hapo naye akaanza kulia.